Jinsi ya kuchagua idara ukiwa wakili mchanga Dar es Salaam: mwongozo kamili

Swali huja mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Joho bado lina mikunjo ya dukani, picha za kuapishwa bado zinapokea pongezi kwenye kundi la familia la WhatsApp, na mkuu wa ofisi anakuita mezani kwake: "Wakili msomi, tukuweke wapi?" Wengi wetu tulijibu kwa kutaja jina lililosikika vizuri masikioni. Madini. Makampuni. Mashauri makubwa. Ukiwa na mwaka mmoja wa uwakili hujui bado unachokipenda. Unajua tu somo ulilofaulu chuoni, na somo si kazi.

Nimekaa katika idara mbili tofauti, na nimewasindikiza vijana kadhaa waliotoka Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo pale Sam Nujoma wakiwa na swali hilihili. Ninachokiamini ni hiki: idara ni kazi utakayoifanya Jumanne ya kawaida, pamoja na mtu atakayeisahihisha. Hayo mawili ndiyo ya kuchunguza.

Hatua ya 1: Hakiki kama idara ipo kweli

Tovuti ya ofisi inaweza kutaja idara nane huku ofisi ina mawakili watano. Hilo si kosa, ndivyo ofisi nyingi za hapa zilivyo, ila wewe unapaswa kujua. Usiulize "mna idara gani?" Uliza: "Mafaili yaliyo hai sasa hivi ni mangapi, na ya aina gani?" Ukipewa ruhusa, tazama kabati na orodha ya kesi za mwezi. Kama idara ya nishati ina faili moja la mwaka juzi, hiyo ni ndoto ya ofisi, bado haijawa idara.

Katika ofisi ndogo ya mawakili wawili au watatu utafanya kila kitu, kuanzia kiapo cha kupotelewa cheti hadi rufaa. Hata hapo uchaguzi upo, isipokuwa unafanyika faili kwa faili: lipi unaliomba na lipi unalisubiri uletewe.

Hatua ya 2: Tazama kazi yenyewe

Kwa kila idara jiulize mambo matatu. Nani anashika saa: mahakama, mteja au sheria? Kinachotoka mikononi mwako ni nini? Na unashinda na nani: mashahidi, wahasibu, maofisa wa Serikali au kompyuta peke yake?

*Mashauri.* Siku huanza kwa kufungua mfumo wa mahakama kuona kilichobadilika usiku. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inapangiwa tarehe nyingine. Unarudi ofisini kuandika hati ya madai, kiapo kinzani, hoja za maandishi. Saa inashikwa na kanuni, nazo hazina huruma. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30, na rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Ukichelewa, utaomba kuongezewa muda, na mahakama itakutaka ueleze kila siku iliyopotea, siku moja moja. Niliwahi kukesha nikiandaa maombi ya namna hiyo kwa kosa la kalenda, na tangu hapo kalenda yangu naiandika mara mbili: kwenye simu na kwenye karatasi ukutani.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Hili limebadilisha thamani ya kijana anayeandika Kiswahili safi cha kisheria. Tulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anayeweza kutunga pingamizi la awali kwa Kiswahili kinachosomeka, bila kutafsiri neno kwa neno, anatafutwa. Kama wewe ndiye, jua una mtaji.

Mashauri yanamfaa mtu anayeweza kukataliwa hoja hadharani, mbele ya mteja wake, halafu kesho asubuhi akasimama tena na kusema "Mheshimiwa" kwa sauti ileile. Yanamfaa pia anayependa watu, maana shahidi asiyekuamini hatakueleza jambo lililo muhimu kuliko yote. Asiyeweza kusubiri ataumia. Shauri ulilolifungua leo unaweza kuliacha kwa wakili mwingine kabla halijaamuliwa.

*Ajira na kazi.* Kwa maoni yangu hii ndiyo shule bora ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Unaanza na usuluhishi, ukishindikana unakwenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Mzunguko ni mfupi kuliko wa kesi nyingi za madai. Utamhoji shahidi kwa mdomo wako mwenyewe wakati wenzako kwingine bado wanabeba mafaili ya wakubwa. Halafu unaporudi ofisini unaandika mikataba ya ajira na kumshauri mwajiri namna ya kupunguza wafanyakazi bila kuvunja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Unaona ugonjwa, na unaona pia jinsi ambavyo ungezuilika.

*Mikopo na dhamana za benki.* Huku ushindi ni kutokukosea. Unapitia barua ya mkopo, unaandaa rehani, unaifuata kwa Msajili wa Hati. Dhamana juu ya mali za kampuni inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ndani ya siku 42. Kitu kidogo kinachoangusha mafaili makubwa ni ridhaa ya mwenza: nyumba ya familia imewekwa rehani, mke au mume hakusaini, au aliyesaini si yeye. Mkopo ukiharibika, benki inatoa notisi ya siku 60, na hapo ndipo mwenza anapofika mahakamani kuomba zuio. Ukiingia idara hii, omba usome majalada ya kesi za namna hiyo katika idara ya mashauri. Utaandika rehani kwa jicho jingine kabisa.

*Makampuni na mauzo ya hisa.* Nyaraka ndefu, Kiingereza kingi, na mteja ambaye saa zake si zetu. Yuko London au New York, na bado yuko kazini wewe ukiwa umeshavua viatu. Kazi ya kijana ni uchunguzi wa kampuni inayouzwa: leseni, mikataba, kesi, madeni, kumbukumbu za BRELA. Kisha orodha ya vibali: Tume ya Ushindani, TRA, na mdhibiti wa sekta husika. Mahakama zinapopoa kwa likizo ya Desemba na Januari, idara hii mara nyingi ndiyo inayokimbia, kwa sababu wateja wanataka kufunga mauzo kabla mwaka haujageuka. Kama sikukuu ya mwisho wa mwaka kijijini kwenu ni kitu kitakatifu kwako, lifahamu hili mapema.

*Kodi.* Natamani vijana wengi zaidi wangeitazama. Pingamizi dhidi ya makadirio ya TRA linawasilishwa ndani ya siku 30, na ili lipokelewe mlipakodi anatakiwa kulipa kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Maana yake mteja anafika kwako fedha zikiwa tayari zinamtoka, na anataka mtu anayejua njia. Kutoka TRA shauri linakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha moja kwa moja Mahakama ya Rufani, tena kwa hoja za kisheria tu. Wakili wa mwaka wa nne aliyeshughulikia mafaili haya anakuwa na historia ambayo mwenzake wa mashauri ya kawaida ataipata baada ya miaka mingi.

Wengi wanaikimbia kwa kuogopa hesabu. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa. Kigumu ni kusoma mizania ya kampuni bila kusinzia. Kaa na mhasibu jioni kumi, kichwa kitafunguka.

*Madini, mafuta na gesi.* Jina hili linavuta. Na kweli kuna mambo mazito: mabadiliko ya sheria ya 2017, hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji zinazohusika, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Lakini kazi yake inapanda na kushuka na miradi. Mradi ukisimama, idara inasimama. Na kwa kuwa Tume ya Madini iko Dodoma, jiandae kwa safari. Treni ya SGR imezifanya ziwe nyepesi, ila ni safari. Kabla hujasema ndiyo, rudi kwenye swali la hatua ya kwanza.

*Ardhi, mirathi na familia.* Nimesikia mawakili wakizitaja kazi hizi kama vile ni za kupitishia muda. Sikubaliani hata kidogo. Ndizo zinazogusa watu wengi wa jiji hili: kiwanja kilichouzwa mara mbili Goba, nyumba ya marehemu Magomeni yenye warithi tisa na msimamizi mmoja asiyeonekana. Ukikaa siku moja kwenye Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachoshughulikia mirathi na ndoa, utaona jinsi sheria inavyoingia chumbani kwa watu. Utajifunza kukaa na mtu anayelia bila kuangalia saa, na bila kumwahidi usichoweza. Na kama ndoto yako ni kufungua ofisi yako siku moja, hawa ndio wateja watakaokufuata, kwa kuwa wanakujua kwa sura, hawakuja kwa jina la jengo.

*Jinai* inataka moyo na mguu. Utaijua Mahakama ya Kisutu kama sebule ya kwenu, na simu itaita usiku ndugu wa mtu akiwa kituoni. *Alama za biashara* ni kazi tulivu, ya mpangilio, na kumbuka usajili wa Tanzania Bara hauihusu Zanzibar. *Ulinzi wa taarifa binafsi*, baada ya sheria ya 2022, ni shamba jipya ambalo wakubwa wengi hawajalilima. Kijana anayesoma kwa bidii anaweza kuwa mjuzi wa ofisi nzima ndani ya muda mfupi.

Hatua ya 3: Jipime kabla hujatamka

Ingia TanzLII, tovuti yenye maamuzi ya mahakama na sheria za Tanzania, chagua uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani kuhusu kodi, mmoja wa ardhi, mmoja wa ajira. Usisome kwa ajili ya mtihani. Soma jioni, umechoka, kama utakavyokuwa kazini. Ni upi uliumaliza? Ni upi ulikufanya utafute uamuzi mwingine uliotajwa ndani yake?

Kisha chukua karatasi na ufuatilie jambo moja mwanzo hadi mwisho: mtu anauza hisa zake za kampuni ya Dar es Salaam. Andika kila nyaraka, kila ofisi, kila kodi. Usipojua, tafuta. Mtu atakayejikuta saa nne usiku bado anapanga hizo hatua kwa raha, huyo ana damu ya makampuni. Mtu atakayejiuliza "je, mnunuzi akikataa kulipa?" na kuacha karatasi ili aanze kutunga madai, huyo tunamjua anakoelekea.

Hatua ya 4: Mchunguze atakayekusahihisha

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa na jina zuri, na niliwekwa kwenye mashauri, nilikotaka. Kwa miaka miwili rasimu zangu zilikwenda kwa bosi na hazikurudi. Niliona hati ya mwisho ikiwa imebadilika, sikuambiwa kwa nini. Nilidhani kimya kile ni kusifiwa. Nilipohamia kwingine, wakili mwandamizi alinirudishia ukurasa wangu wa kwanza ukiwa umejaa kalamu nyekundu, akaniketisha dakika arobaini. Siku ile nilijifunza zaidi ya miezi sita iliyotangulia, na niliumia kwa muda niliopoteza. Bado naumia.

Kwa hiyo waulize wanaojua. Makarani wa ofisi wanajua kila kitu. Wasalimie, waheshimu, na usiwachukulie kama watu wa kubeba bahasha. Mwulize wakili aliyekutangulia miaka mitatu: "Rasimu zako hurudi na maelezo? Mara ya mwisho kusimama mwenyewe mbele ya jaji ilikuwa lini? Kosa likitokea, bosi hulibeba na wewe au hukusukuma mbele?" Na uliza waliokuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako wako wapi leo. Kama wanne wameondoka ndani ya muda mfupi, hilo ni jibu.

Mwalimu mzuri katika idara usiyoipenda sana ni bora kuliko bosi asiyesahihisha katika idara ya ndoto yako. Kusoma faili, kuandika kwa mpangilio na kumsikiliza mteja ni stadi unazohama nazo.

Hatua ya 5: Zungumza fedha na njia ya kurudi nyumbani

Watu wanaona haya kuyasema haya, na haya hiyo inawaumiza. Uliza mshahara unalipwa tarehe ngapi. Uliza kama kuna sehemu unayopata ukileta mteja. Uliza nani analipia leseni yako ya kila mwaka na ada za chama. Pima pia nauli na usalama: idara inayofunga kazi saa tano usiku Masaki haina uzito sawa kwa anayeishi Mikocheni na anayeishi Mbagala au Kibamba. Kwa binti anayerudi peke yake, swali la gari la usiku ni la kuulizwa kabla ya kusaini.

Neno kuhusu mihuri. Fedha ya haraka ya kugongea mikataba na viapo ipo, nayo inavutia mwishoni mwa mwezi. Usigonge kwa mtu usiyemwona anasaini. Vishoka wanatafuta hasa wakili mchanga mwenye njaa, na jina lako kwenye daftari la mawakili ni moja tu.

Hatua ya 6: Omba kuzungushwa

Ofisi nyingi hazina utaratibu rasmi wa kumzungusha kijana idara kwa idara. Inabidi uombe mwenyewe, na namna ya kuomba ni muhimu. Usiseme umechoka na ulipo. Omba faili moja, ukitaja jina la kazi utakayoifanya, na uonyeshe kazi zako za sasa hazitaanguka. Mfano kwa mkuu wa idara aliye rika la mama yako:

"Shikamoo mama. Naomba dakika chache ukipata nafasi. Nimekuwa na mafaili ya benki miezi mitano sasa, na nashukuru kwa niliyojifunza. Nimesikia lile shauri la kodi linakwenda Bodi mwezi ujao. Naomba ruhusa niandae rasimu ya kwanza ya hoja, dada aipitie. Rehani mbili zilizobaki nitazikamilisha Alhamisi."

Ukikubaliwa, timiza hiyo Alhamisi. Ukikataliwa, shukuru na uombe tena faili jingine likija. Kama ni kaka au dada aliyekuzidi miaka michache, punguza urasmi, lakini usiruke salamu.

Hatua ya 7: Daftari la miezi sita

Kila Ijumaa kabla ya kuondoka andika mistari minne. Kazi gani muda ulipita bila mimi kujua? Kazi gani niliiahirisha? Nani alinisahihisha, kuhusu nini? Mteja gani nilitamani apige tena? Usiandike majina ya wateja wala siri za mafaili; herufi moja inatosha, daftari linaweza kuachwa kwenye mwendokasi.

Usilisome kila wiki. Lifungue mwezi wa sita. Kijana mmoja niliyemshauri alikuwa na uhakika kwamba ni mtu wa mahakamani. Daftari lake lilionyesha kwamba wiki zake nzuri zote zilikuwa zile alizoandika mikataba ya usuluhishi, kesi zilipokuwa zinaisha. Leo anafanya kazi ya mikataba na ana amani.

Hatua ya 8: Ukikosea, hama vizuri

Miaka miwili au mitatu ya kwanza bado unahama bila gharama kubwa. Tafuta daraja badala ya kuruka: kutoka mashauri kwenda kodi pitia rufaa za kodi, kutoka ajira kwenda makampuni pitia uhamisho wa wafanyakazi biashara inapouzwa, kutoka ardhi kwenda benki pitia rehani. Mkuu wa idara mpya atakuamini zaidi akiona faili ulilolishika kuliko barua ya maelezo ya shauku.

Ukihamia ofisi nyingine, toa orodha ya kila mteja uliyemhudumia ili wakague mgongano wa maslahi, lakini usitoe yaliyomo. Usibebe nakala za nyaraka kwenye flashi. Na kwa kila faili unaloliacha andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: hatua lilipofikia, tarehe inayofuata mahakamani au kwa msajili, muda wa kisheria unaokimbia, namba ya simu ya mteja, na kitu kimoja ambacho hakimo kwenye faili ila wewe unakijua. Mkabidhi anayekupokea mkono kwa mkono, asaini, na ubaki na nakala ya ile saini tu.